Bei ya Kwanza

Mizani ilikuwa imeshawashwa Sikitu Njiku alipoingia ofisini. Ilikaa katikati ya meza ya Umoja wa Maji wa Matongee, kijisanduku cha kusajili bei na mikataba ya kazi, cha rangi ya majivu, kisichozidi kipande cha sabuni ya mche, na taa yake ndogo ya kijani haikupepesa. Sikitu aliitazama hiyo kwanza, kisha akajirudi na kumtazama mwenyeji wake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, binti yangu. Vuta kiti." Bi. Zuhura Nkuwi, mwenyekiti wa Umoja, alikuwa mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa uzi shingoni. Alimwangalia Sikitu kuanzia kilemba mpaka viatu. "Nilidhani wataniletea mwanamume mwenye mvi."

"Mvi zitakuja, mama."

Bi. Zuhura akacheka, na Sikitu akapumua kidogo.

Visima tisa vya Umoja vilikuwa vimelala tangu masika. Maji yalikuwepo chini, jua la kuendeshea pampu lilikuwepo juu, mabomba yalikuwa mazima. Kilichokufa ni akili za visima. Kila kimoja kilikuwa na sanduku lililosikiliza kina cha maji ardhini na kuamua pampu ivute kiasi gani, ili kisima hiki kisiyanyonye maji ya kile. Kampuni ya ng'ambo iliyoyatengeneza masanduku hayo ilifilisika, leseni zikaisha, na masanduku yakajifunga yote kwa mpigo, Singida nzima. Sikitu alijua namna ya kulifungua sanduku na kulifundisha upya kusikiliza. Alijifunza kwa Dafroza Misanga, fundi aliyemchukua alipomaliza chuo, na kwa muda wote huo alikuwa akishika kazi za Dafroza. Hii ilikuwa kazi yake mwenyewe ya kwanza.

"Umeshafanya wapi kazi kama hii?" Bi. Zuhura aliuliza.

"Nimefanya kwa majaribio, karakanani. Kwa malipo, hapa ndipo itakuwa mara ya kwanza. Na si mimi tu. Mkoani hakuna aliyeanza."

"Mm." Bi. Zuhura akavaa miwani. "Haya. Taja bei yako, hiki kidude kisikie."

Sentensi ile Sikitu alikuwa ameirudia tangu alfajiri, akipiga mswaki, akisuka nywele. Mafundi wote wa kikundi cha Dafroza walikuwa wamekubaliana: kazi hii ni mpya, ni ngumu, inakula wiki nzima kwa kisima kimoja, na yeyote atakayeipata kwanza asishuke chini ya laki tisa.

"Laki tisa kwa kila kisima," akasema.

"Bei iliyotajwa na fundi: laki tisa," Mizani ikasema, kwa sauti isiyo ya kike wala ya kiume.

Bi. Zuhura hakujibu. Aliangalia mikono yake juu ya meza. Nje mtu alikuwa anakokota kitu cha bati juu ya kokoto. Sikitu alisubiri, akaona wazi kabisa kwamba mama huyu anatafuta namna ya upole ya kumwambia aende zake.

"Lakini tunaweza kuongea," akasema. "Kwa sababu ni visima vingi. Naweza kufanya laki saba."

"Bei iliyotajwa na fundi: laki saba."

Bi. Zuhura aliinua macho, akafungua mdomo, akaufunga.

"Nafahamu ni Umoja wa wananchi, siyo kampuni," Sikitu aliendelea, na sasa maneno yalikuwa yanamtoka yenyewe. "Na mimi ni mgeni wa kazi, sitaki kuwaonea. Laki tano. Kwa kweli hata laki tatu, mama, kwa kuanzia, ili mnione kazi yangu."

"Bei iliyotajwa na fundi: laki tatu."

Bi. Zuhura alivua miwani, akaipangusa kwa ncha ya kanga. Hakumtazama Sikitu alipojibu.

"Laki tatu. Sawa. Umoja unakubali."

Taa ya kijani ikageuka ya manjano. "Kabla ya kufunga," Mizani ikasema, "fundi anapaswa kujua kwamba haya ni makubaliano ya kwanza ya kazi ya aina hii mkoani. Bei ya kwanza itakuwa bei ya rejea kwa mafundi wote na waajiri wote mpaka mapitio ya mwaka ujao. Je, fundi ameelewa?"

Sikitu alikuwa ameelewa. Hilo ndilo lililomtesa baadaye, kwamba hakudanganywa wala kuharakishwa. Alifikiria uso wa Dafroza. Alifikiria pia kurudi mjini mikono mitupu, na kuulizwa na kila mtu imekuwaje.

"Nimeelewa," akasema.

Taa ikarudi kuwa ya kijani.

*

Bei mpya ilitangazwa jioni ile ile kwenye simu za mafundi wote. Haikuwa na jina la fundi wala la mwajiri. Mizani ilitaja kazi, mkoa na kiasi, basi.

Dafroza alifika nyumbani kwa Sikitu siku iliyofuata akiwa na sufuria la mlenda na ugali wa uwele uliofungwa kwenye kitambaa. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye mazoea ya kuongea huku mikono yake ikitafuta kitu cha kukarabati, na aliposimama mlangoni tayari alikuwa analigeuzageuza komeo lililolegea.

"Umeona?" akauliza. "Laki tatu! Mtu ameuza kazi ya wiki nzima kwa bei ya kupaka rangi ukuta."

"Nimeona, dada."

"Wewe na wale wa Matongee mlifunga saa ngapi?"

Swali lilikuwa jepesi, na uongo ulikuja mwepesi vile vile. "Mchana. Tulikuwa tumefika laki tisa, mwenyekiti keshakubali. Mizani ikasema kuna wengine wametangulia asubuhi. Ikabidi niandikiwe ile ile ya rejea."

Dafroza aliacha komeo. Alimshika Sikitu bega, akamtikisa taratibu, kama mtu anayemwamsha mgonjwa. "Pole sana mdogo wangu. Kazi yako ya kwanza kabisa, halafu mtu anakuharibia hivi. Kula. Umekonda."

Wakala. Sikitu alimeza kila tonge kwa shida. Dafroza alikuwa amekuja na yake pia. Kampuni moja ya mashamba makubwa ya alizeti ilikuwa na visima arobaini vilivyolala, nayo ilikuwa imekaribia kutia saini naye kwa laki tisa. Asubuhi hiyo walimpigia simu wakicheka. Walimwambia hawana haja ya mazungumzo tena, kwani rejea imeshatoka.

"Wale wana pesa za kununua mto," Dafroza alisema. "Ila kwa laki tatu siwezi. Nikilipa wasaidizi wawili, mafuta ya gari na vipuri, naingia hasara. Nitawaambia vijana wangu watafute pengine."

"Hatuwezi kuwaomba watu wa Mizani waangalie?" Sikitu alisema kwa sauti ndogo. "Labda aliyetoa bei ile mwajiri wake ni maskini. Labda ilikuwa msaada. Wangeona kwamba kampuni siyo sawa na..."

"Mizani haioni mtu, Sikitu. Na mimi ni mmoja wa waliohangaika isione." Dafroza akafuta mikono. "Wewe ulikuwa mdogo. Ile ya kwanza waliyotuletea ilikuwa inaona kila kitu. Jina lako, kwenu, mwanamke au mwanamume. Ikajifunza kwenye mikataba ya zamani kwamba wanawake hulipwa pungufu, basi ikawa inatushusha yenyewe, kwa heshima zote, kila siku. Tukaandamana mpaka Dodoma. Tukasema ifumbeni macho, isikie kazi na bei tu. Wakaifumba. Sasa haiwezi kumjua tajiri, haiwezi kumjua maskini." Alitabasamu bila furaha. "Ilikuwa haki. Bado nadhani ilikuwa haki."

Aliondoka na sufuria tupu, na kabla ya kuondoka alikaza lile komeo.

*

Sikitu alianza kazi Matongee. Alikifungua kisima cha kwanza, akakaa nacho wiki, akiacha pampu ivute kidogo, ipumzike, ivute tena, huku akilifundisha sanduku kutambua maji yanavyorudi kutoka kwenye mwamba. Maji yalipotoka, wanawake walipiga vigelegele na mmoja akamletea kuku. Akakifanya cha pili. Kazi ilikuwa nzuri kuliko zote alizowahi kuzifanya, na hakuweza kuifurahia hata kidogo. Kila alipopongezwa alitamani kupiga kelele.

Jumamosi kikundi cha mafundi kilikutana kwenye karakana ya Dafroza, na Sikitu akaenda, maana kutokwenda kungeonekana. Walikuwa wamekaa juu ya makasha na ndoo zilizopinduliwa. Kampuni nyingine mbili zilikuwa zimeshaita mafundi kwa laki tatu, na wenye njaa walikuwa wameanza kuitikia.

"Tuseme ukweli," akaanza fundi mmoja mnene kutoka Manyoni. "Sisi tunamjua. Ni nani hapa kila mwaka ndiye wa kushusha? Ni nani alifunga taa za soko kwa nusu bei?"

Watu wakageuka kumtazama Elifasi Mwiru. Elifasi alikuwa mwanamume wa miaka hamsini hivi, mpole, mwenye mkoba wa turubai ulioshonwa mara nyingi. Ni kweli alikuwa na sifa hiyo. Alikuwa na mke mgonjwa na kila mtu alijua kwamba ukimwambia bei yoyote atakubali.

"Sijagusa kisima mimi," akasema.

"Apa."

"Naapa kwa Mungu. Nilikuwa Kiomboi mwezi mzima, nashughulika na simu za watu."

"Taa za soko pia ulikana kwanza."

Elifasi akaangalia huku na huku. Macho yake yalipita juu ya Sikitu bila kusimama, na Sikitu akajikuta anatazama doa la mafuta sakafuni. Angeweza kusema pale pale. Maneno yalikuwa mawili tu: ni mimi. Alimtazama Dafroza, ambaye alikuwa amekaa amejiinamia, uso wake umechoka, na akajua kwamba akiyasema ule mkono uliomshika bega hautamshika tena.

"Wanaotaka atoke kwenye kikundi," akasema yule wa Manyoni, "wanyooshe mikono."

Mikono ikanyooka, mmoja mmoja. Dafroza hakunyoosha. Sikitu aliona watu wa kulia na kushoto kwake wamenyoosha, akahisi kama mkono wake uliobaki chini unamtangaza. Akaunyoosha nusu, kiwiko kikiwa bado kimegusa mbavu.

Elifasi alichukua mkoba wake. Mlangoni aliwaaga kwa adabu kama mgeni aliyekaa mno. "Haya jamani. Mbaki salama."

*

Jumapili mchana Sikitu alimkuta Dafroza anafunga kwa kamba mtambo wake mkubwa wa kupimia mawimbi ya umeme, ule aliouleta kutoka Mwanza kwa mkopo. Mnunuzi alikuwa anakuja kuuchukua.

"Dada, usiuuze," Sikitu akasema.

"Nikae nao niuangalie?"

"Ile bei ni yangu."

Dafroza aliendelea kufunga kamba kama hakusikia. Kisha mikono ikasimama.

"Hakukuwa na mtu asubuhi," Sikitu akasema. "Ni mimi niliyefunga wa kwanza. Nilitaja tisa. Mwenyekiti akanyamaza, nikaogopa. Nikashusha, akanyamaza tena, nikashusha tena. Hakuniambia nipunguze hata mara moja. Na Mizani ilinionya, na nilielewa."

Alingoja kufokewa. Dafroza alikaa juu ya mtambo, akaweka kamba magotini, akaanza kuisokota ncha yake.

"Nilikuletea chakula," akasema hatimaye.

"Ndiyo, dada."

"Nikakupa pole."

"Ndiyo."

"Na Elifasi?" Sauti yake ilipanda kwa mara ya kwanza. "Ulinyoosha mkono, Sikitu. Nilikuona. Nikasema moyoni, huyu mtoto anaona aibu kumhukumu mtu mzima, ndiyo maana hauinui wote."

Sikitu alikuwa analia sasa, na alijichukia kwa kulia kwa sababu kulikuwa kunamfanya Dafroza aonekane ndiye mkosaji.

"Kuogopa ningekusamehe hapa hapa," Dafroza akasema. "Nani hajaogopa? Mimi mkataba wangu wa kwanza nilifanya bure kabisa, nikasema nitalipwa wakiridhika. Hayo mengine sijui. Sijui, usiniulize leo." Akasimama. "Umefanya visima vingapi?"

"Viwili. Cha tatu nimekifungua."

"Basi kazi haijafika nusu. Kabla ya nusu, pande mbili zikikubaliana, Mizani inapokea marekebisho, na bei ya rejea inabadilika nayo. Yule mama lazima akubali mwenyewe. Nenda ukaongee naye."

"Twende wote, dada. Mimi nitaharibu tena."

"Hapana," Dafroza akasema, akaanza kuifungua kamba. "Mnunuzi akija nitamwambia asubiri mpaka Jumatano. Zaidi ya hapo siwezi."

*

Bi. Zuhura alimsikiliza mpaka mwisho. Sikitu alimweleza yote, Dafroza, kampuni ya alizeti, Elifasi na mkono ulionyooka nusu. Mizani ilikuwa mezani lakini imezimwa, imefunikwa kitambaa kama redio ya zamani. Alipomaliza, mama yule alivua miwani na kujifikicha macho.

"Sasa na mimi nikuambie langu," akasema. "Siku ile uliposema laki tisa, mimi nilikuwa na laki nane kwa kila kisima. Zimepitishwa na wanachama, ziko benki. Nilikuwa nimenyamaza natafuta namna ya kukuomba upunguze moja, maana niliona ni haki yako na niliona aibu kukukata. Kabla sijapata neno, ukasema saba. Nikasema moyoni, namshukuru Mungu, tumepona. Nikataka kusema sawa. Ukasema tano. Ukasema tatu." Akatikisa kichwa. "Nina binti wa umri wako, yuko Tabora, anashona. Mtu akimfanyia vile nitamlaani. Na bado nilikubali."

"Kwa nini, mama?"

"Kwa sababu ya bomba la Unyamgha. Kile kitongoji hakijawahi kuwa na bomba tangu dunia iumbwe. Kisima wanacho ila kiko bondeni, mbali na nyumba. Nilipiga hesabu pale pale umekaa mbele yangu. Pesa iliyobaki inatosha mabomba mpaka katikati ya kitongoji. Tumeshayalaza. Yako ardhini, yanangoja kisima kifufuke." Akarudisha miwani. "Kwa hiyo hata nikitaka kukulipa inavyostahili, sina. Benki kumebaki zile laki ishirini na saba tulizoandikiana. Mpaka alizeti ivunwe, hakuna nyingine."

Sikitu alikuwa amejiandaa kukataliwa, kufukuzwa, hata kusemwa. Kukuta pesa imeshageuka mabomba hakukuwa kwenye mawazo yake. Alikaa akizipiga hesabu zile laki ishirini na saba, na jibu lilikuwa moja tu, na hakulipenda.

"Hizo zinatosha visima vitatu," akasema taratibu. "Kwa laki tisa kila kimoja."

"Vitatu katika tisa."

"Viwili nimeshamaliza. Cha tatu nimeshakifungua, hiki cha hapa karibu na ofisi. Tukibadilisha mkataba useme vitatu, bei ya rejea inakuwa tisa."

"Na Unyamgha?"

"Inangoja."

Bi. Zuhura aliinama mbele. "Huwezi kubadilisha mkataba, halafu hivyo sita ukavifanya tu? Polepole, bila kelele. Mimi sitasema."

Wazo hilo Sikitu alikuwa amelibeba njia nzima na ndilo alilolitamani kuliko yote. Lingemlipia kosa, lingewapa watu maji, na angelala usingizi. Lakini alijua kingetokea nini. Pampu zingeanza kuvuta, wakaguzi wa Mizani wangeona visima vilivyoamka bila mkataba, na Mizani ingevihesabu kwa bei ya sifuri. Visima sita vya bei ya sifuri vingewazika wenzake zaidi ya zile laki tatu alizozitaja.

"Kazi ya bure nayo ni bei, mama," akasema. "Itahesabiwa."

"Kwa hiyo watu wangu watembee ili mafundi wa mjini walipwe."

"Ndiyo." Alilazimika kulisema, maana ndivyo ilivyokuwa. "Mpaka mavuno. Na mimi ndiye ninayewaomba watembee. Kosa si lao. Ni langu."

"Ni letu," Bi. Zuhura akasema kwa ukali. "Usichukue yote, utaonekana mtakatifu." Akavuta pumzi, akakitoa kitambaa na kuiwasha Mizani.

Walieleza marekebisho. Taa ikawa ya manjano.

"Taja sababu ya marekebisho," Mizani ikasema.

"Fundi aliogopa," Sikitu akajibu.

"Sababu haikutambuliwa. Chagua: kosa la hesabu, mabadiliko ya kazi, au nguvu za asili."

Wanawake wawili wakatazamana. Bi. Zuhura ndiye aliyecheka kwanza, kicheko kifupi cha uchungu.

"Mabadiliko ya kazi," akasema.

"Visima vitatu. Laki tisa kwa kisima. Je, pande zote zimekubali?"

"Umoja umekubali."

"Fundi amekubali," Sikitu akasema.

*

Bei ya rejea ilibadilika Jumanne. Kampuni ya alizeti ilinung'unika wiki nzima, kisha ikapunguza visima kutoka arobaini mpaka ishirini na kutia saini na Dafroza. Mtambo haukuuzwa. Dafroza alimpigia Sikitu simu kumjulisha, akaongea vizuri, akauliza hali ya kisima cha tatu, na hakumwita mdogo wangu.

Mbele ya kikundi Sikitu alisema mwenyewe, akiwa amesimama. Wengine walimtukana na yule wa Manyoni alitoka nje. Kwa Elifasi alikwenda nyumbani. Alimkuta barazani anatengeneza redio, akapiga magoti kumwomba radhi. Elifasi alimwambia ainuke, kwa kuwa majirani wanatazama.

"Miaka yote mimi ndiye wa bei ya chini," akasema, akiitazama ile redio na siyo yeye. "Safari hii tu sikuwa mimi. Na hakuna aliyeniamini, hata mke wangu aliniuliza mara mbili." Akakaza skrubu. "Nimekusikia, binti. Nenda kazini."

Kisima cha tatu kilitoa maji mwishoni mwa mwezi. Siku hiyo hiyo watu wa Unyamgha walianza kuja, kwa sababu ndicho kilichokuwa karibu nao kuliko vingine viwili. Walikuja kupitia vichaka vya miiba, punda wamebebeshwa madumu ubavuni, wakapanga foleni nyuma ya wenyeji. Sikitu alikuwa amepiga magoti kwenye sanduku, akikagua mara ya mwisho, pale kivuli cha mtu kilipomwangukia. Alikuwa mama kijana mwenye mtoto mgongoni, kope zake zimejaa vumbi la njia.

"Wanasema wewe ndiye uliyesema kisima chetu kingoje," yule mama akasema.

Sikitu akasimama, akafuta mikono kwenye suruali. "Ndiyo, ni mimi."

"Mitaro ya mabomba tumechimba wenyewe. Mume wangu alichimba. Kwa nini?"

Sikitu akamweleza. Alijaribu kueleza Mizani na bei ya kwanza, akaona anazunguka, akarudi nyuma, akasema kwa maneno machache kwamba alikuwa amejiuza rahisi, na kwamba kwa kujiuza rahisi alikuwa amewauza wenzake, na njia ya kuwarudisha ilikuwa kupunguza visima. Yule mama alimsikiliza bila kumkatiza, akimpigapiga mtoto mgongoni.

"Kwa hiyo hao wenzako sasa wanalipwa vizuri," akasema.

"Ndiyo."

"Hilo ni jema." Hakulisema kwa kejeli. Aligeuka, akaangalia njia aliyojia, namna ilivyoteremka na kupotea kwenye vichaka. "Na sisi tunatembea mpaka alizeti."

"Na nyie mnatembea mpaka alizeti."

Sikitu alitaka kuongeza neno. Alitaka kusema atakuja kazini siku ile ile mavuno yatakapolipwa, kwamba amemwomba Bi. Zuhura Unyamgha iwe ya kwanza, kwamba halali vizuri. Yote yalikuwa kweli na hakuna hata moja lililomsaidia yule mama kubeba maji.

"Dumu hili ni zito, na mtoto yuko mgongoni," yule mama akasema. "Shika huku unisaidie kumpakia punda."

Wakalinyanyua pamoja. Dumu lilikuwa zito kuliko Sikitu alivyodhani, maji yakamwagikia kifuani, baridi ya chini ya mwamba. Walilifunga kwa kamba, wakafunga la upande wa pili, na yule mama akamgonga punda kwa kiganja wakaondoka.

Nyuma yake alikuwepo mwingine wa Unyamgha, mzee, na punda wawili. Sikitu alifunga sanduku la kisima, akakunja mikono ya shati, na kuinama kuchukua dumu lake.